Gurudumu Lililolala Mara Tatu

Mtu akishuka kutoka Tukuyu kwenda ziwani huona nchi ikigeuka mbele ya macho yake. Huko juu ni vilima, chai, migomba na baridi. Naye akiisha kuteremka zaidi ya meta 1,000 hufika katika uwanda wa Kyela, wenye joto na maji mengi, ulio tambarare hata ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta. Upande wa magharibi mto Songwe ndio mpaka wa Tanzania na Malawi. Kati yake hupita mito Kiwira, Mbaka na Lufirio, nayo huleta udongo wenye rutuba, na kwa sababu hiyo mpunga, kakao na michikichi husitawi sana katika nchi hii.

Nchi tambarare ni nchi ya baisikeli. Huko Kyela baisikeli huchukua gunia la mpunga, mkungu wa ndizi, samaki wa ziwani, mgonjwa, abiria alipaye nauli, na mwalimu aendaye shuleni. Walakini baisikeli haina faida yo yote gurudumu likilala, wala hapana jambo liudhilo msafiri kama kuziba pancha asubuhi, na kabla ya adhuhuri kuipata tena. Watu wengine husema baisikeli ya namna hiyo ina mkosi. Si kweli. Pancha irudiayo ina sababu yake, na sababu hiyo yaweza kutafutwa ikaonekana. Sikilizeni kwanza habari za mtu mmoja, kisha tutaieleza kazi yenyewe.

Mtu huyo alikaa karibu na Mwaya, ukingoni mwa ziwa. Usiku mmoja wa mwezi wa Aprili, masika yamepamba, binti yake wa miaka mitatu alishikwa na homa kali. Mwili wake ulikuwa wa moto kama jiwe la mekoni, akatapika, akatetemeka. Baba na mama wakajua kwamba huenda ikawa malaria, maana uwanda ule una mbu wengi, nao walijua pia kwamba homa hiyo kwa mtoto mdogo haingoji. Waganga hutuambia kwamba yafaa mtoto apate dawa kabla saa 24 hazijapita tangu aliposhikwa. Fedha ya kukodi pikipiki haikuwapo. Basi alfajiri baba akaitoa baisikeli, mama akapanda nyuma akimpakata mtoto, wakashika njia ya Ipinda.

Hawajafika mbali, gurudumu la nyuma likalala. Kwa bahati palikuwa na kijana azibaye pancha chini ya mwembe. Akautoa mpira wa ndani upesi, akaliona tundu, akatia kiraka, akajaza upepo, akapokea fedha yake. Kazi ilikuwa safi, na kiraka kilishika barabara. Wakaenda, lakini haikupita nusu saa gurudumu lile lile likalala tena. Baba akamwacha mama na mtoto kando ya njia, akarudi kwa kijana akilalamika. Kijana akautazama ule mpira, akasema, "Mpira huu umechakaa, baba. Afadhali ununue mpya." Baba akafungua pindo la kitambaa alimofungia akiba ya safari, akanunua mpira mpya. Mpira ule mpya haukudumu hata robo saa.

Hapo mama hakusema neno. Akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kwa miguu, na baba akamfuata akiikokota baisikeli. Jua lilikuwa limekwisha kupanda. Mtoto alikuwa halii tena, na jambo hilo liliwaogopesha kuliko kilio.

Mbele kidogo wakamkuta mzee mmoja ameketi barazani pa nyumba yake, na mbele yake beseni la maji na magurudumu mawili makuukuu. Baba akamwamkia, akamweleza shida yake. Mzee akamgeukia mama, akasema, "Wewe, mwanangu, endelea na safari, usingoje. Mumeo atakukuta njiani." Kisha, kabla hajaigusa baisikeli, akamwuliza baba, "Limelala mara ngapi?"

"Mara tatu, mzee."

"Ni gurudumu hili hili?"

"Hili hili la nyuma."

"Na tundu lilikuwa mahali gani?"

Baba hakujua. Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Mmekuwa mkiutibu mpira, na ugonjwa umo ndani ya tairi."

Akatwaa kipande cha chaki, akatia alama ubavuni mwa tairi, mahali penye valvu. Akalifungua tairi upande mmoja tu, akautoa mpira, akaujaza upepo kidogo na kuuzamisha majini sehemu baada ya sehemu, mpaka mapovu yakatoka. Alipolipata tundu hakukimbilia kiraka. Aliulaza mpira juu ya tairi, valvu ikielekea ile alama ya chaki, kama vile ulivyokuwa umekaa ndani. Hivyo tundu la mpira lilimwonyesha mahali pa kutazama katika tairi. Akapitisha kitambaa ndani ya tairi mahali pale, na uzi wa kitambaa ukanasa. Akalikunja tairi kwa nguvu, nyuma mbele, na tazama, ncha ya waya ikachungulia, nyembamba kama unywele wa mkia wa ng'ombe, na fupi kuliko punje ya mpunga. Akaichomoa kwa koleo, akamtilia baba mkononi.

Ulikuwa waya wa tairi la lori. Matairi ya malori yana nyuzi za chuma ndani yake. Yakipasuka njiani, vipande vyake hutawanya nyaya ndogo ambazo jicho haliwezi kuziona. Waya ule, tairi lilipokuwa tupu, ulijificha ndani ya unene wa mpira, na mkono ukipita haukusikia kitu. Lakini baba na mama walipopanda, uzito ulilibonyeza tairi, na ncha ikatoka ikachoma. Kila walipopanda, ilichoma. Ungalinunua mipira kumi, waya ule ungaliichoma yote kumi.

Baba akasema, "Ndaga fijo," akapanda, akamkuta mkewe mbele, wakafika Ipinda kabla ya adhuhuri. Mtoto alipimwa damu, akapata dawa, akapona. Yule kijana wa chini ya mwembe nisingependa tumlaumu kupita kiasi. Hakuwa mwizi, alijua nusu ya kazi tu, na nusu hiyo aliifanya vizuri.

Sasa yafaa tuulize: Kwa nini watu walitia upepo ndani ya gurudumu, ikiwa upepo una taabu hii? Magurudumu ya kwanza ya baisikeli yalikuwa ya mti na chuma, na baadaye yalivikwa mpira mgumu usio na uwazi. Hayo hayakupata pancha kamwe, lakini yaliitikisa mifupa ya mwendeshaji katika kila jiwe. Hata mpira wenyewe zamani haukufaa sana, maana wakati wa joto ulinata, na wakati wa baridi ulikuwa mgumu. Mwaka 1839 Charles Goodyear, mtu wa Marekani, aligundua kwamba mpira ukichanganywa na kiberiti na kupashwa moto sana huwa imara wakati wote. Mwaka 1845 Robert William Thomson, Mskochi, akapata hati ya serikali kwa ajili ya gurudumu lenye upepo. Lakini wakati ule baisikeli hazijaenea, na kazi yake ikasahauliwa. Miaka 40 na zaidi ikapita. Ndipo John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama aliyekaa Belfast katika Ireland, alipotaka baisikeli ya mwanawe yenye magurudumu matatu iende laini juu ya mawe, akayavika magurudumu mipira iliyojazwa upepo, na mwaka 1888 akapata hati yake. Baadaye ilijulikana kwamba Thomson alimtangulia, na hati ya Dunlop ikabatilishwa. Yeye mwenyewe hakuwa amesikia habari za Thomson.

Tairi la Dunlop lilikuwa limebandikwa kwa gundi juu ya ringi. Mwaka 1889 mwendeshaji mmoja alifika na pancha katika karakana ya ndugu wawili Michelin, mjini Clermont-Ferrand, Ufaransa. Kuliondoa tairi na kuliziba kulichukua muda wa saa tatu, na gundi ikahitaji usiku mzima kukauka. Ndugu wale wakaona kwamba jambo hilo halifai, wakatengeneza tairi liwezalo kutolewa na kurudishwa upesi. Mwaka 1891 Charles Terront alilitumia katika mashindano ya kutoka Paris hata Brest na kurudi, safari ya kilometa 1,200 hivi, akashinda. Kwa hiyo fundi wa Ipinda akifungua tairi kwa vyuma viwili na kulirudisha kwa muda wa kuchemsha chai, anafuata njia ile iliyoanza kwa taabu ya msafiri mmoja aliyelala usiku akingoja gundi. Na mpira wenyewe si kitu kigeni kwetu: katika karne ya 19 watu wa Afrika Mashariki walikuwa wakigema utomvu wa mitoria, mimea itambaayo mwituni, na kuupeleka pwani kuuzwa ng'ambo.

Turudi kwenye beseni la maji. Mzee yule alikuwa akilisoma tundu kama ninyi msomavyo kitabu, nanyi mwaweza kujifunza herufi zake, maana si nyingi.

Tundu moja dogo upande wa nje wa mpira, ule ugusao tairi, maana yake kitu chenye ncha kimepenya. Mara nyingi ni mwiba, nao hukatika ukabaki ndani. Mchikichi una miiba mikali katika vikonyo vya makuti yake, na makuti hayo yakikokotwa barabarani huiacha njiani. Midimu na milimau nayo ina miiba. Penye mchanga huota mbigili, ambayo tunda lake hukauka na kupasuka vipande vyenye miiba, na kipande kikianguka huweza kukaa ncha moja ikitazama juu. Kaeni macho zaidi wakati wa mvua. Mpira uliolowa hukatwa kwa urahisi kuliko mpira mkavu, na matope huficha yaliyo chini yake. Ndiyo sababu mafundi huwa na kazi nyingi wakati wa masika. Tena kama unakwenda taratibu ukasikia sauti ya "ti! ti! ti!" kila baisikeli iendapo meta mbili na kitu, shuka mara moja. Huo ndio mwendo wa mzunguko mmoja wa gurudumu kubwa la inchi 28, na sauti hiyo ni ya kitu kilichokwama katika tairi, ambacho pengine hakijafika ndani bado. Dakika moja ya kushuka itakuponya na saa nzima ya kuziba.

Matundu mawili yakiwa sambamba, kama alama ya meno ya nyoka, hayakufanywa na mwiba. Usipoteze saa kuutafuta. Hayo ni kazi ya ringi yenyewe. Gurudumu lenye upepo mchache likigonga jiwe au ukingo wa daraja, tairi hubonyea mpaka mpira wa ndani hubanwa kati ya jiwe na kingo mbili za ringi, ukatobolewa mara mbili kwa pigo moja. Katika Kyela pancha hii ni ya wachukuzi wa mizigo. Gurudumu la nyuma hubeba zaidi ya nusu ya uzito wa mwendeshaji, na gunia au abiria akiwekwa juu yake, karibu uzito wake wote huwa wa gurudumu hilo. Anayebeba mpunga kwa upepo uliomtosha alipokuwa peke yake anaujutia upesi. Kipimo cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Fundi asiye na chombo cha kupimia hubonyeza kwa kidole gumba, au humwambia mwenye baisikeli apande pamoja na mzigo wake, kisha huinama kutazama: tairi likitanuka sana chini, upepo hautoshi.

Likiwa tundu liko upande wa ndani wa mpira, ule utazamao ringi, acheni tairi mtazame ringi. Njiti za gurudumu, ambazo mafundi huziita spoku, zina vichwa ndani ya ringi, na juu yake huwekwa utepe wa mpira au kitambaa ili zisiuchome mpira wa ndani. Utepe ule ukichakaa au ukisogea, kichwa cha spoku hula mpira polepole kama panya. Spoku iliyotokeza husuguliwa kwa tupa, na utepe mpya waweza kukatwa katika mpira mkuukuu. Hii ni pancha ambayo nimeona watu wengi wakiiziba mwaka mzima bila kuikomesha, kwa kuwa huwa wanatazama nje tu.

Tundu shinani mwa valvu nalo lina habari yake. Tazameni valvu kabla ya kufungua: ikiwa imeinama upande mmoja badala ya kusimama wima, tairi limekuwa likiteleza juu ya ringi kwa uhaba wa upepo, na kuuvuta mpira pamoja nalo, hata ukachanika. Kuziba mahali hapo ni kugumu, na mara nyingi haifai kitu. Dawa ni kujaza upepo wa kutosha tangu mwanzo.

Tena kuna gurudumu lilalalo usiku, na asubuhi ukilijaza huenda mpaka jioni. Hapo jaribu valvu kwanza. Tia mate kwenye kinywa chake ungoje. Povu likivimba, upepo watoka hapo. Valvu za baisikeli zetu kubwa za zamani zina kimpira chembamba kama utumbo wa kuku, kinachovikwa juu ya sindano ya valvu. Kimpira hicho huoza kwa joto. Bei yake ni ndogo sana, na watu wameitupa mipira mizima kwa ajili yake.

Kuziba kwenyewe si kazi ngumu, ila haitaki haraka. Kausha mpira kabisa. Usugue kwa msasa mahali pa tundu, upana kupita kiraka, mpaka ule mng'ao utoke. Paka gundi kidogo, nyembamba, kisha ngoja. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa sababu hubandika kiraka gundi ikiwa bado mbichi. Gundi hii haishiki kwa unyevu wake; ni mpira ulioyeyushwa, na sharti kile kilichouyeyusha kipae kwanza hewani. Ngoja dakika tano, na siku za mvua zaidi, mpaka ukigusa ukingo wake kwa kidole haushiki. Ndipo uweke kiraka, bila kugusa upande wake wa chini, ukigandamize kwa nguvu kutoka katikati kwenda kingoni. Pakaa vumbi la chaki juu yake, ili kisigandamane na tairi. Na kabla hujaurudisha mpira, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote. Usipitishe vidole vitupu, kwani kitu kilichoutoboa mpira hakitauonea huruma mkono wako.

Tairi lenyewe likiwa limekatika, kiraka cha mpira hakitoshi, maana mpira utachungulia katika ule mwanya na kupasuka. Weka ndani yake kipande cha ubavu wa tairi kuukuu kilichochongwa kingo zake. Na unapolirudisha tairi kwenye ringi, maliza kwa mikono. Chuma kikitumiwa mwishoni huubana mpira, na pancha mpya huzaliwa kabla baisikeli haijasimama.

Ikiwa umekwama mbali, gundi hakuna wala fundi hakuna, bado kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuukunja mpira penye tundu, na kuufunga kwa kamba ya mgomba kwa nguvu sana, kisha kuujaza upepo kidogo. Ya pili, iwapo mpira umechanika kabisa, ni kuutoa na kulijaza tairi majani makavu, yaliyoshindiliwa sana pande zote mpaka liwe gumu. Majani ya migomba hayakosekani Kyela. Ukienda taratibu, peke yako, bila mzigo, utafika nyumbani. Ukienda kwa kasi majani yatasagika, na ringi itapinda juu ya jiwe la kwanza.

Mzee wa barazani alimtoza yule baba bei ya kiraka kimoja tu. Ule mpira wa zamani, ambao kijana alisema umechakaa, aliupima majini mbele yake kabla hajaondoka, akaziba tundu lake la pili, akamrudishia, naye akaufunga chini ya kiti pamoja na pampu.